Kitumbua Juu ya Barafu

Nilikwenda Seattle kumwona dada yangu, nikakaa kwake wiki tatu. Siku ya kwanza alinipa kazi moja tu: nizungumze na bintiye kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili peke yake. Mtoto ana miaka 12, amezaliwa huko huko, na lugha ya bibi yake anaielewa kuliko anavyoisema.

Kazi hiyo niliiharibu mapema. Jumamosi walikuja wageni, mtoto akawakaribisha: "Viti iko huku." Nikamsahihisha mbele yao, "Viti viko, si iko," kisha nikaongeza darasa fupi la ngeli ambalo hakuna aliyeniomba. Wageni walicheka kwa upole. Yeye hakucheka. Tangu saa ile, kila nilichomuuliza kwa Kiswahili alikijibu kwa Kiingereza, kwa heshima zote.

Siku mbili baadaye dada alitupatia tiketi za mchezo wa magongo wa barafuni. Tulipanda ile treni ya reli moja iliyojengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1962, tukashuka karibu na mnara wa Space Needle. Ukumbi wenyewe huitwa Climate Pledge Arena. Nilitarajia jengo refu, nikaona paa tu, limekaa chini kama kofia iliyowekwa mchangani. Paa hilo nalo ni la 1962. Walipojenga upya hawakulivunja. Walilishikilia juu kwa nguzo za muda, wakachimba chini yake, na Oktoba 2021 ukumbi ukafunguliwa. Ndiyo maana unapoingia kutafuta kiti chako unajikuta unashuka. Watazamaji zaidi ya 17,000 hukaa humo, wakiuzunguka uwanja mweupe wa mita 61 kwa 26.

Mvua inayonyesha juu ya paa hilo hukingwa, ikahifadhiwa kwenye tangi, kisha ikatumika kutengeneza barafu ya uwanja. Mimi niliyekulia Tanga, kwenye nyumba ya kukinga maji ya paa kwa pipa, nilitaka kumweleza mtoto jambo hilo. Nilimweleza. Akaitikia kwa kichwa.

Basi nikabaki na mawazo yangu. Pwani yetu haina theluji wala barafu ya kuokota, lakini majina yote mawili tunayo, na yote yalikuja na bahari: theluji kutoka Kiarabu, barafu kutoka Kiajemi, ambako neno hilo lina maana ya theluji yenyewe. Sisi tukayagawia kazi. Inayodondoka kutoka mawinguni ni theluji. Iliyo ngumu ni barafu, pamoja na zile za ukwaju tulizonunua utotoni kwa senti. Ila kitendo hatukukiazima. Maji huganda, damu huganda, maziwa huganda. Kuganda ni kwetu.

Mchezo ukaanza. Wachezaji sita kila upande, vipindi vitatu vya dakika 20, na katikati ya vipindi mashine hupita ikiparua barafu na kuimwagia maji mapya. Kinachogombewa ni kipande cha mpira mweusi, kinene kiasi cha sentimita 2.5, kipana kiasi cha 7.6, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Hapo ndipo lugha iliponikwama. Kwa kilichotengenezewa, kitu hicho ni mpira. Kwa umbo, si mpira. Tufe si tufe. Kigurudumu hakibingirishwi, huteleza. Wala haja ya neno si ya ughaibuni tu, maana Nairobi ipo timu ya mchezo huu, Kenya Ice Lions.

Nikamwinamia mtoto. "Mjomba wako ameshindwa," nikamwambia. "Kile cheusi tukiiteje? Nimefikiria kisahani."

Alinitazama kuona kama namtega. Kisha akakitazama kile cheusi kikigonga ukuta kwa kishindo.

"Sahani inavunjika, Mjomba," akasema. "Hii ni kitumbua ilioungua."

Ngeli ilikuwa imeteleza mara mbili katika maneno manne. Niliisikia, masikio yangu yamezoea. Marekebisho yalinifika kwenye ncha ya ulimi, nikayameza. Kwa maana neno lilikuwa sahihi kabisa: duara, nene, gumu, jeusi, linalotoshea kiganjani, na limetoka kwenye kikaango cha bibi yake. Miaka yangu yote ya kutunga haikunipa neno hilo usiku ule.

"Kitumbua," nikasema. "Nani anacho sasa?"

"Wale wa bluu!" Na kuanzia hapo alinitangazia mchezo wote, kwa Kiswahili chake: wameiba kitumbua, kitumbua imepotea, kitumbua imeingia! Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka mara mbili kutusikiliza, akatabasamu.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mara nyingi nimeitumia methali hiyo kujitetea mwenyewe. Usiku ule niliwatazama watu wazima wakiteleza kwa kusudi, kwa kasi, huku wakishangiliwa, nikajua ni nani niliyepaswa kumtetea kwayo pale mbele ya wageni. Ndani ya treni nikaandika ubeti huu:

Aliteleza mtoto, ngeli ikamponyoka,
Nikamwakia kwa moto, mbele ya waliofika,
Leo amenipa kito, neno nililolisaka,
Lugha ni maji ya mto, ikiganda huvunjika.

Nilimsomea, nikamwomba radhi kwa yale ya Jumamosi. Alinyamaza mpaka kituo kilipokaribia.

"Mjomba," akauliza, "kito ni nini?"