Saa Moja Kabla ya Magharibi

Jambiani, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Upepo ni mwingi, mwani unakwenda vizuri, na watoto wanakuulizia utarudi lini.

Baba yako alinipigia simu juzi akilalamika kwamba umekuwa mvivu. Ati huamki kwa sala ya Alfajiri mpaka uitwe mara tatu, skuli umekutwa umelalia dawati, na ukipata nafasi ya kukaa basi umejinyoosha na simu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamwambia nitakuandikia. Barua hii ukishaisoma mpe na yeye, maana yamo yanayomhusu yeye zaidi kuliko wewe.

Mimi siamini kwamba wewe ni mvivu. Ulipokuja likizo nilikuona. Maji ya bamvua yakipwa ulikuwa unashuka pwani na wenzako, mnainama mnafunga mbegu za mwani kwenye kamba, miguu imezama mchangani, mnarudi na viroba vinavyochuruzika maji mgongoni. Baada ya Isha ulikuwa unasinzia na tonge mkononi, na simu yako ililala dirishani bila mtu kukukataza. Mwili huo huo ukirudi mjini, Mkunazini, unakesha mpaka saa 7 usiku. Kilichobadilika ni mpango wa siku.

Hebu tuipitie siku yako ya mjini. Asubuhi skuli, umekaa. Ukirudi, chakula na vyombo. Kisha chuoni kusoma Kurani, umekaa. Ukitoka huko kuna kufagia, kuna mdogo wako wa kukogesha, kuna kutumwa dukani. Magharibi inaingia. Baada ya hapo tuisheni, umekaa tena. Inapofika saa 4 usiku ndipo unapopata muda ambao hakuna anayekutuma, na huo peke yake ndio wako. Kilichopo karibu ni simu, na makampuni ya simu yanauza bando la usiku kwa bei ndogo kuliko la mchana, kwa hiyo mwenye vijisenti vichache anangoja saa 6 ipige ndipo aanze kuangalia video zake. Sikulaumu kwa hilo. Msichana asiyepewa muda wake mchana atautafuta usiku.

Tena lipo jambo la maumbile ambalo sisi watu wazima hatulijui vya kutosha. Mtoto akishabalehe, saa ya ndani ya mwili wake inasogea mbele. Homoni ya usingizi, melatonini, inachelewa kutoka kwa saa moja au hata mbili ukilinganisha na alipokuwa mdogo. Kwa hiyo unapomwambia bibi yako saa 3 usiku kwamba huna usingizi, hudanganyi. Mwangaza wa simu usoni unaichelewesha zaidi. Na ile soda ya kuongeza nguvu unayokunywa ukenda tuisheni, au chai ya rangi nzito, ina kafeini ambayo baada ya muda wa saa 5 hivi nusu yake bado imo mwilini. Piga hesabu mwenyewe ni saa ngapi inakuacha.

Wataalamu wanasema mtu wa umri wako, miaka 13 hadi 18, anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 mpaka 10. Huko Marekani, katika jimbo la California, waliona vijana wanafika skuli nusu wamelala, wakatunga sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika Julai 2022: skuli za sekondari nyingi zisianze kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. Mjini Seattle walishajaribu tangu 2016, na wanafunzi waliopimwa waliongeza zaidi ya nusu saa ya usingizi kila usiku. Nawasifu. Lakini sisi asubuhi yetu haisogei. Kisiwa chetu kiko karibu na ikweta, jua halibadiliki sana mwaka mzima, na adhana ya Alfajiri ni kwenye saa 11, kiangazi na masika. Kwa hiyo kijana wa Unguja hana pa kuutafutia usingizi wake isipokuwa mwanzo wa usiku. Ukiamka saa 11, hata saa 8 zile za chini kabisa zinataka uwe umeshalala saa 3. Na ni vigumu kulala saa 3 kama mchana kutwa mwili wako haukufanya kazi. Ndiyo maana baba yako anaposema kuna matatizo mawili, uvivu na kukesha, mimi naona moja.

Shirika la Afya Duniani linataka watoto na vijana, kuanzia miaka 5 hadi 17, wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili mpaka pumzi ibadilike. Mwaka 2019 zilitoka hesabu zilizokusanywa kutoka nchi 146: vijana 81 katika kila 100 wenye miaka 11 hadi 17 hawafikii kiasi hicho. Wavulana ni 78, wasichana ni 85.

Hapo kwa wasichana ndipo panaponiuma. Nenda Forodhani alasiri maji yakiwa yamejaa, uwaone wavulana wanavyojirusha kutoka ukutani, wanapanda, wanajirusha tena. Nenda Mnazi Mmoja, mpira juu ya mpira. Dada zao wako wapi? Wewe mpaka una miaka 11 ulikuwa unacheza nage uchochoroni mpaka unaitwa kwa ukali. Ulipovunja ungo mchezo ukakatwa kimyakimya, hakuna aliyekaa nawe akakueleza kwa nini. Kaka yako anatoka na mpira kwapani, wewe unabakia na masufuria. Halafu huyo huyo tunakuja kumwita mvivu! Na miaka hii ndiyo mifupa yako inajijenga kwa kasi ambayo haitarudi tena.

Wala asiniambie mtu kwamba stara inazuia. Wako wanawake wa hapa Zanzibar waliocheza mpira wa miguu katika timu ya Women Fighters, mpaka Florence Ayisi akatengeneza filamu juu yao mwaka 2007, Zanzibar Soccer Queens. Huko kaskazini, mradi wa Panje wa Nungwi umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili mzima na mtandio, wengine wamekumbatia dumu tupu la manjano ili waelee. Tumezungukwa na bahari pande zote, na wasichana wengi wa hapa hawajui kuogelea. Na kila Januari 1, vikundi vya mazoezi vinapotembea na kukimbia pamoja, wanawake wenye umri wangu wamo.

Bibi yako atasema zamani watu walilala mapema kwa kuwa hapakuwa na simu. Kuna ukweli ndani yake. Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wewe ukiwa tumboni, mitaa ililala mapema, isipokuwa palipokuwa na jenereta. Lakini kilikuwa kipindi cha kaskazi, joto kali na feni hazizunguki, watu wanatoa mikeka nje. Sitamani giza lile lirudi.

Ushauri wangu kwako ni mdogo. Kailula, kulala kidogo baada ya Adhuhuri, ni kitu kizuri, nusu saa inatosha. Usingizi wa alasiri mpaka Magharibi ndio unaokula usiku wako. Simu ilale chumba kingine. Ramadhani ni habari nyingine, daku litakuamsha na hakuna ubaya, ila baada ya Idi usiendelee na saa za Ramadhani.

Sasa kaka yangu, hapa nasema na wewe. Mtoto apewe saa moja kila siku baada ya chuo, kabla ya Magharibi, isiyo na vyombo wala kutumwa. Vyombo vya alasiri akoshe kaka yake, mikono anayo. Tuisheni zipungue, za usiku zihamie Jumamosi asubuhi. Nimeshazungumza na wifi yangu, yeye amekubali.

Jumamosi ijayo nitapanda daladala ya asubuhi kuja mjini. Alasiri mimi na mwanangu tutakwenda Maisara kwa miguu, kuna kikundi cha wanawake kinachofanya mazoezi pale, mwalimu wao namjua. Mwanangu, vaa raba, na suruali pana chini ya buibui. Chupa ya maji nitakuja nayo mimi.

Wasalimie wote, na bibi umbusu mkono kwa niaba yangu.

Shangazi yako