Salamu za Mackinnon Road

Leonard Mambo Mbotela alipofariki Februari 2025, mpwa wangu aliniona nimeinamia simu nikisoma taarifa, akauliza, "Mjomba, huyo alikuwa mbunge wa wapi?" Nikamjibu kwamba alikuwa mtangazaji. Akaitikia "aah", na kwa upande wake mazungumzo yakaishia hapo.

Ningemlaumu, lakini angemjulia wapi? Kipindi chake cha redio, "Je, Huu ni Uungwana?", kilianza kusikika 1966. Sisi tuliokulia Mackinnon Road miaka ya sabini na themanini tuliijua sauti ya Mbotela kuliko tulivyozijua sura za ami zetu waliokuwa vibaruani Mombasa. Makosa mengi aliyoyakemea yalikuwa ya watu wa mjini, wenye foleni na simu za ofisini. Huku nyika ya Taru hatukuwa hata na nafasi ya kuyatenda, ila tuliyakariri yote, tayari kwa siku tutakayokwenda mjini.

Mackinnon ya vitabuni naiacha vitabuni: kambi ya jeshi la Waingereza, kizuizi cha wakati wa Mau Mau, na hayo mengine. Tulichorithi sisi watoto ni sakafu za saruji zilizopasuka, mpira ukidunda vizuri juu yake kuliko mchangani. Ninayetaka kumtaja ni fundi wa redio.

Tulimwita Fundi, basi. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, upande wa barabara, na ukikaribia mlango ulipokewa na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, iliyochanganyika na mafuta ya taa aliyouza kwa chupa. Nikiisikia harufu hiyo popote hadi leo, hugeuka kumtafuta. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja. Wa pili ulikuwa uzi uliozungushwa sikioni. Redio za National na Sanyo zililala mezani matumbo wazi, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe, na ole wako uguse. Betri alizipima kwa ulimi. Aligusisha, akafumba macho kama anayeonja mchuzi, kisha akatoa hukumu: "Hizi bado, nenda kazianike." Tukazipanga juu ya paa, betri za paka, zipigwe jua zirudishe nguvu za jioni moja. Alikuwa na betri mpya za kuuza na bado alikwambia uende ukaanike za zamani. Mfanyabiashara wa namna hiyo leo angechekwa.

Usiku mawimbi yalipotulia, kibandani kwake tulipata Nairobi, tukapata na Dar es Salaam. Zikichosha taarifa za habari, aliweka kanda ya Juma Bhalo iliyotoka Mbwana Radio Service huko Mombasa, na utepe ukinasa aliurudisha kwa kalamu ya Bic, taratibu, bila kutukana.

Lakini bidhaa yake kubwa ilikuwa kadi za salamu. Ulinunua kadi, ukaijaza majina ya unaowasalimu, ujumbe na wimbo, ukaipeleka posta iende Sauti ya Kenya, ukaanza kungoja. Wiki zilipita. Wasiojua kuandika waliandikiwa na Fundi, naye hakukubali jina nusu. "Mwana wa nani? Anakaa wapi?" Siku kadi iliposomwa, aliyesikia alitoka mbio kumtafuta aliyetajwa, na mama mmoja aliyesalimiwa na mwanawe kutoka Nakuru alitembea kwa madaha juma zima. Nchi nzima ilikuwa imeambiwa kwamba yupo, na kwamba yuko Mackinnon Road. Mpwa wangu aliposikia haya aliuliza kama kweli tulikuwa tunalipa ili kumsalimia mtu. Ndiyo, tulilipa. Yeye hulipia bando kila asubuhi, na mama yake analalamika hajulikani alipo.

Hata treni zilisalimia. Zilipofika kwenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, pale msikitini kando ya reli, madereva walipiga honi. Alikuwa msimamizi wa vibarua wakati reli inajengwa, na inasimuliwa kwamba karai la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Usipoamini, shauri yako. Honi ile ilikuwa saa yetu. Abiria walitupa sarafu dirishani, nasi tulijua ni sadaka, ingawa siapi kwamba zote zilifika kisandukuni.

Nimejaribu kuuliza kibanda kilifungwa mwaka gani. Mmoja anasema kabla ya mvua za El Niño za 1997, mwingine anashikilia ni baada, kwa kuwa anakumbuka barabara ikiwa imekatika na Fundi yungali pale. Waafikiane wenyewe. Simu za mkononi zilikuja, redio za FM zikaja, Radio Kaya ikaleta lugha zetu za Kimijikenda hewani, jambo jema nisilolibeza. Kisha Mei 2017 Madaraka Express ikaanza safari, na treni ya abiria ya reli ya zamani ilikuwa imekoma. Hii mpya ina vituo Mariakani, Miasenyi, Voi. Sisi tunaitazama ikipita. Mombasa hadi Nairobi ni saa tano hivi, na sikatai kwamba ile ya zamani ilichosha. Niliwahi kulala ndani yake imesimama porini usiku kucha na hakuna aliyetueleza kitu.

Kinachoniudhi ni redio za leo. Salamu zingaliko, lakini mtangazaji husoma: "Kuna msikilizaji, namba inaishia na mia nne kumi na saba, anasalimu wote wanaomjua." Namba ndiyo nani? Wote ndio akina nani? Fundi asingeuza kadi hiyo.

Basi ombi langu kwa watangazaji wa Pwani: mtu akiwatumia salamu, mwulizeni jina lake kamili na mahali alipo, mkayasome yote mawili hewani. Nanyi wenye kadi za zamani ndani ya masanduku, msiwashie jiko.