Karibu Kiti

Mara ya kwanza Baba kuja chumbani kwangu chuoni, alisimama dakika 40. Najua ni 40 kwa sababu nilikuwa naangalia simu kila mara. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na aibu, na simu ndiyo kitu pekee nilichoweza kuangalia.

Kwanza nikueleze chumba. Kilijengwa kwa watu wawili: vitanda viwili vya chuma, meza mbili, kabati mbili, viti viwili vya mbao. Tulikuwa wanne. Mimi na mwenzangu wa Kitui ndio tulikuwa kwenye orodha. Wale wengine wawili walikuwa wanapaireti, ndivyo makomredi huita kulala kwenye chumba ambacho hukulipia. Kiti kimoja kilivunjika mguu muhula wa kwanza. Cha pili kilikopwa na jirani wa ghorofa ya juu, na unajua mambo ya hosteli: kitu kikipanda ngazi hakishuki.

Hatukuona pengo. Kitandani ndipo tulipokula, tuliposoma, tulipocheza karata na tulipongojea HELB. Mgeni akija, tunasukuma blanketi kando, tunamwambia, "Kaa hapo tu."

Baba alikuja na basi la usiku kutoka Kakamega. Alikuwa na kliniki ya goti saa nne asubuhi, akaona apitie kwangu kwanza. Aliacha kitambulisho kwa mlinzi, akapanda ghorofa tatu ameshikilia reli. Nilimsikia kabla sijamwona: mguu mmoja unapanda, mwingine unafuata baada ya muda.

"Karibu, Baba."

"Asante."

Halafu kimya. Kwetu mtu anabisha hodi, anaambiwa karibu, kisha anaonyeshwa kiti. Salamu haijaisha kabla hajakaa. Mimi nilifika kwa karibu nikakwama.

Nilimwonyesha kitanda changu. Nilikuwa najua kwamba kwetu baba hakalii kitanda cha mwanawe wa kiume. Hakuna aliyewahi kunifundisha hilo. Nilikua nikilijua, kama unavyojua kutomruka mtu aliyenyoosha miguu. Nilijua na bado nikasema, "Si ukae hapo." Alikiangalia kitanda, akaangalia dirisha.

"Niko sawa. Nimekaa usiku mzima kwa basi."

Nikavuta sanduku langu la chuma, lile alilonunua yeye mwenyewe nilipoingia kidato cha kwanza, jina langu bado liko juu kwa rangi nyeupe. Akacheka. "Hapo chini nikikaa mtanitoa na winchi." Mwenzangu wa Kitui akageuza ndoo ya kufulia, akaipangusa na shati. Baba akamshukuru, akabaki ameegemea kabati.

Akauliza masomo. Nikasema mazuri. Akauliza chakula. Nikasema kipo. Akasema, "Kuna neno nilitaka tuongee..." Mlango ukafunguliwa, mmoja wa wale wetu wa kupaireti akaingia kutoka bafuni na taulo. Baba akakunja lile neno akalirudisha mfukoni. Badala yake akatoa noti ya elfu moja, akanishikisha, akaondoka.

Nilimwangalia kutoka dirishani. Alipofika karibu na geti, aliketi kwenye ukingo wa bustani ya maua, akanyoosha ule mguu, akausugua kwa mikono miwili. Alikaa pale muda mrefu.

Siku hiyo hiyo nilianza kutafuta kiti.

Ukiwa na chumba ambacho unaweza kugusa vitanda viwili kwa wakati mmoja bila kunyoosha mikono vizuri, kuongeza kiti si jambo la kwenda tu dukani. Nilipima nafasi. Kiti cha plastiki, kile cha sherehe na matanga, ni rahisi na kinavumilia kila mtu, lakini mlango wetu ulikuwa unafunguka kwa ndani. Ukikiweka, ama kiti ama mlango. Stuli ya plastiki ingeingia chini ya kitanda vizuri kabisa, lakini haina pa kuegemea, na mtu mzima akiikalia magoti yanafika kifuani. Kuna lile gunia kubwa la kitambaa lililojazwa vipande vya povu, ambalo makomredi wenye pesa walikuwa nalo. Zuri kwa kuangalia muvi. Ila ukishakaa limekumeza, na kuinuka kwake ni lazima ubingirike kwanza. Nilimwaza Baba akibingirika. Nikaachana nalo.

Jumamosi nikaenda Gikomba. Nilipita Machakos Country Bus, nikapita kelele za nyundo za Kamukunji ambako masanduku kama langu huzaliwa, hadi kwenye mafundi wa mbao. Nikamwambia fundi mmoja nataka kiti kidogo cha hosteli. Nilitarajia aniulize nina pesa ngapi.

"Hiyo kiti itakaliwa na nani?"

"Mzee wangu."

"Ako na miguu sawa?"

"Goti moja linamsumbua."

Akaweka randa chini. "Basi hutaki kitu kidogo. Mtu wa goti akikaa chini sana, shida ni kuinuka. Kawaida mimi hufanya inchi 18. Huyo nitampa 20. Na hapa pembeni naacha mbao itokeze kidogo, ashike akiinuka."

Nikamwambia kuhusu mlango. Akafikiria, akachora kwa penseli kwenye kipande cha mbao: kiti cha kukunja, cha saipras, ambacho kikikunjwa kinakuwa bapa na kutundikwa kwenye msumari. Aliuliza kama sakafu inateleza, nikasema ndio, akasema atapigilia vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu. Alitaka 1,800. Tulibishana mpaka 1,200. Nililipa kwa ile noti ya Baba na mia mbili zangu za mwisho.

Kiti kilikaa msumarini nyuma ya mlango miezi miwili kabla Baba hajarudi, na katika hiyo miezi kilifanya kazi ambayo sikukinunulia. Mwenzetu mmoja wa kupaireti, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anasomea kwenye ncha ya kitanda cha mtu mwingine, akawa anakikunjua saa tano usiku na kusogea mezani. Hakuomba ruhusa. Hakuna mtu wa kumwomba. Hakikuwa mahali pa mtu. Siku nyingine msichana mmoja wa darasa letu alikuja tufanye kazi ya kikundi. Alisimama mlangoni akiangalia vitanda, jinsi wasichana wote walivyokuwa wakisimama, na mimi kwa mara ya kwanza nikaelewa alichokuwa anapiga hesabu. Kwenye chumba chenye vitanda pekee, kila anayeingia analazimishwa kuamua yuko karibu nawe kiasi gani kabla hata hajasema jambo lililomleta. Nikakunjua kiti. Akakaa, akafungua laptopu, tukaanza kazi.

Baba alirudi mwezi wa tano, siku ya kliniki. Nilisikia ule mguu kwenye ngazi, nikakimbilia msumari.

"Karibu kiti, Baba."

Alikiangalia. Akakitikisa kidogo kwa mkono, jinsi wazee hufanya. Akakaa, akavua kofia, akaiweka gotini. Akaomba maji. Wenzangu wakakumbuka wote kwa mpigo kwamba wana mambo nje.

Alikunywa maji yote kabla ya kusema.

"Siku ile nilikuja na neno. Lakini neno kama hilo huwezi kulisema umesimama."

Kazi ilikuwa imeisha mwezi wa kwanza. Walipunguzwa watu wengi kwa siku moja. Mama alijua, wadogo zangu hawakujua. Pesa alizokuwa akinitumia kila mwezi zilikuwa za kukopa, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule.

"Hata ile elfu niliyokupa hapa," akasema, "ilikuwa ya jirani."

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nikiangalia miguu ya kiti na vile vipande vya tairi. Sikuwa na la kusema. Nilitoa daftari. Tukaandika: HELB inalipa nini, karo iliyobaki ni ngapi, anadaiwa na nani. Tulikosana mara moja, alipotaka kuuza kipande cha shamba, tukapatana mara moja, niliposema asinitumie tena pesa ya chakula. Jambo hilo lilichukua karibu saa nzima. Muhula uliofuata nilikuwa nauza mayai boilo na kachumbari nje ya geti kila jioni, karibu na ule ukingo wa bustani ya maua.

Saa yake ya kliniki ilipofika, aliweka viganja viwili kwenye ile mbao iliyotokeza, akainuka bila kusaidiwa. Kisha akakigeuza kiti, akatafuta kinavyokunjwa, akakosea, akapata. Akakitundika msumarini mwenyewe.

"Aliyekitengeneza ana akili," akasema. "Ilikuwa pesa ngapi?"

"Elfu moja mia mbili."

Akavaa kofia pole pole. Niliona anapiga hesabu.

"Sawa," akasema. "Basi ile ya jirani haikupotea."