Daftari la Wachelewaji

Sasa nipo Kidato cha Tatu, lakini juma moja la darasa la sita, katika shule moja ya msingi wilayani Bunda, halijanitoka akilini.

Nilikuwa kiranja wa darasa, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuandika majina ya wachelewaji. Jumatatu mwalimu aliandika vikumbusho pembeni mwa ubao, kama ilivyokuwa desturi yake: kucha zikatwe, madaftari yajaladiwe, Ijumaa basi la Butiama litaondoka saa 12 kamili asubuhi. Kengele ilikuwa imekwisha lia alipoingia msichana mmoja, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi. Nikamwandika. Jumanne nikamwandika tena. (Siku hiyo tulifundishwa ngeli, nami sikuambulia kitu.)

Jumatano tulisoma habari za Mwalimu Julius Nyerere, kwamba mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 hivi. Alhamisi, kipindi cha hesabu, tukaambiwa tuzigeuze maili hizo ziwe kilometa. Tukapata 42 kasoro kidogo. Kisha kila mmoja akataja umbali wa kwao. Yule msichana akasema, "Kilometa sita." Mwalimu akazidisha ubaoni: 12 kwa siku, na kwa siku nne 48. Darasa zima kimya. Mimi, ambaye kengele ilikuwa ikinikuta nyumbani nanawa uso na bado nikawahi, niliinamisha kichwa. Lakini jina lake la asubuhi ile nilikuwa nimekwisha liandika.

Ijumaa, basi likiwa tayari kuondoka, mwalimu aliniuliza kama wote wamo. Nikajibu, "Wote, Mwalimu." Tulipokwenda kilometa chache nikamwona dirishani, sare imepigwa pasi, anakimbia kuelekea shuleni huku akitupungia mkono. Dereva hakumjua. Mimi nilimjua, nikanyamaza.

Butiama tuliona makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, na kaburi la Mwalimu pale Mwitongo. Wenzangu waliandika kurasa nzima. Mimi niliandika mistari miwili.

Jumatatu alichelewa. Hakunishitaki, aliniuliza tu, "Kaburi lake likoje?" Nikaenda kwa mwalimu, nikasema yote, nikamrudishia daftari lile. Jioni nilimsindikiza yule msichana hadi kwao, nikimsimulia njia nzima. Niliporudi giza lilikuwa limekwisha ingia, na mama amesimama barabarani akiita jina langu.