Mnafuga matumbawe nyumbani? Jiwe lake msilichemshe

Mvulana mmoja wa miaka 9, aliyezaliwa Reading nchini Uingereza na wazazi waliotoka Tanga, aliomba zawadi moja tu ya siku yake ya kuzaliwa. Alimtaka samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, yule wa filamu ya Finding Nemo. Baba yake, ambaye utotoni aliogelea Raskazone karibu kila Jumapili, alikubali papo hapo. Mama yake ni muuguzi wa zamu za usiku. Yeye aliuliza swali ambalo wazazi wengi huliruka: "Na wa kumhudumia ni nani?"

Wakakubaliana kuwa kazi itakuwa ya wote watatu. Walinunua tangi la kioo la lita 60, hita, pampu ndogo, taa, chumvi maalumu ya matangi ya bahari na kilo chache za mawe. Walichagua tangi dogo kwa sababu ni rahisi kununua na linaenea kwenye kona ya sebule. Kulitunza ndiyo shughuli. Kwenye tangi la lita 400 chakula kikizidi kidogo hakuna anayegundua, lakini kwenye lita 60 chakula kilichozidi asubuhi kinaweza kuharibu maji kabla ya kesho yake.

Maji ya bomba ya kule waliyaacha. Yana klorini, na yanaweza kuwa na nitreti na fosfeti zinazolisha mwani. Wakawa wananunua maji yaliyochujwa mpaka yakabaki karibu matupu, kisha wanayatia chumvi wenyewe, takriban gramu 35 kwa kila lita. Chumvi ya mezani haifai, maana matumbawe huhitaji pia kalsiamu na magnesiamu ili yajenge mifupa yake. Joto la maji walilishikilia kwenye nyuzi 25.

Baada ya hapo ilibidi wasubiri, na kwa mtoto wa miaka 9 kusubiri ni adhabu. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Bakteria wanaojijenga kwenye mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Anayetia samaki siku ya kwanza anamtia kwenye choo kisichokuwa na shimo. Mama alimnunulia mwanawe daftari, na kila jioni wakawa wanapima na kuandika. Siku ya kuzaliwa ilipita, na tangi lilikuwa na maji na mawe peke yake. Kijana alinuna siku mbili.

Wiki ya tatu mawe yalifunikwa na vumbi la kahawia. Baba alishika brashi, lakini muuza duka akamwambia aiache. Ni viumbe vidogo viitwavyo daiatomu, hutokea karibu kila tangi jipya na mara nyingi huondoka vyenyewe. Vikaondoka kweli. Samaki alikuja wiki ya saba, akafuatiwa na konokono wa kula mwani na vipande viwili vya matumbawe laini.

Tatizo la kwanza la kweli lilitokea mwezi wa nne. Matumbawe yalijifunga, samaki akawa anajificha pembeni, na vipimo vya amonia na nitriti vilisoma sifuri. Hita ilikuwa nzima na pampu inazunguka. Jioni hiyo walikuwa wakiongea na Bibi aliyeko Tanga kwa simu ya video. Mjukuu alipomaliza shikamoo alimgeuzia kamera ili aone tangi.

"Mnafuga bahari ndani ya nyumba?" Bibi aliuliza, akacheka. "Na hayo maji yakipungua mnaongeza nini?"

"Tunaongeza maji ya chumvi, Bibi."

"Hamna chumvi ya kutosha humo? Baba yako hakukwambia chumvi inavyotengenezwa huku kwetu? Jua linakunywa maji, chumvi inabaki chini."

Bibi alikuwa amelipata tatizo lote akiwa Tanga. Maji yanayogeuka mvuke huondoka peke yake na chumvi hubaki. Lita 60 zikipungua kuwa 57, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37 kwa lita. Ukijazia kwa maji mengine ya chumvi inazidi kupanda, wiki baada ya wiki. Hawakuirudisha kwa siku moja, kwa kuwa badiliko la ghafla nalo huua. Walibadilisha maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na tangu hapo hujazia maji matamu tu mpaka kwenye mstari uliochorwa kwa kalamu ya wino kwenye kioo. Kazi ya mstari huo ni ya kijana.

Tatizo la pili wazazi wenye tangi la namna hii walisome mara mbili, hata wale wasiojali samaki. Kwenye jiwe moja walilolinunua likiwa na viumbe juu yake, vilianza kuenea vitufe vya kahawia vilivyobanana, kila kimoja na mdomo katikati na vinyweleo pembeni. Vinaitwa zoantidi. Vingi huuzwa kwa sababu ya rangi zake nzuri, lakini hivi vilikuwa vinafunika kila kitu. Baba aliona dawa nyepesi: alitoe jiwe, alichemshe kwenye sufuria kuukuu jikoni, alisugue, alirudishe. Ushauri huo ni wa kawaida miongoni mwa wafugaji.

"Baba watoto, kabla hujawasha jiko, tujue kwanza hicho ni nini," mama alisema.

Baadhi ya zoantidi, hasa wa jamii ya Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana zinazotokana na viumbe hai. Wanasayansi waliitenga mwaka 1971 huko Hawaii, ambako simulizi za wenyeji wa Hana zilikwishataja mmea wa mauti kwenye kidimbwi cha bahari, uliopakwa kwenye ncha za mikuki. Haukuwa mmea, walikuwa viumbe hawa. Kuchemsha si njia ya kuaminika ya kuivunja sumu hiyo, na mvuke wa sufuria huibeba hadi puani na mapafuni mwa kila aliyemo ndani, mtoto aliyelala chumba cha pili akiwemo. Wakati wa baridi madirisha huwa yamefungwa.

Haya si ya kutishana. Mwaka 2018, Oxfordshire, mkoa jirani na Reading, mtu mmoja alisafisha matumbawe ya tangi lake nyumbani, na watu 10 wakaishia hospitali, wakiwemo waokoaji waliokwenda kusaidia. Dalili zake hufanana na mafua makali: homa, kikohozi, kubanwa pumzi, maumivu ya misuli, ganzi, macho mekundu, ladha ya chuma au uchungu mdomoni. Dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii haipo. Madaktari humsaidia mgonjwa kupumua na kuulinda moyo hadi mwili upone. Kwa hiyo atakayeona dalili hizo baada ya kushika matumbawe awatoe watu wote nje, apige simu ya dharura, na aseme waziwazi neno "matumbawe". Bila neno hilo daktari anaweza kudhani ni virusi tu.

Jiwe lao halikuchemshwa wala kusuguliwa. Baba alivaa glovu na miwani ya kukinga macho, akaliingiza kwenye ndoo likiwa chini ya maji muda wote, akafunika, akalirudisha dukani kwa wenye uzoefu wa kuliondoa.

Nyumba hiyo sasa ina masharti yake. Mwenye kidonda mkononi haingizi mkono kwenye tangi, kwa sababu kuna bakteria wa majini, Mycobacterium marinum, anayeingia kwenye mchubuko na kutokeza uvimbe wiki kadhaa baadaye, na tiba yake ni antibayotiki kwa miezi. Hakuna anayefyonza maji ya tangi kwa mdomo kupitia mpira. Ndoo ya tangi haiogeshi mtu. Nyaya za umeme zinaning'inia chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondokee sakafuni.

Kijana anataka samaki wa pili. Baba ameshalegea, ila mama anataka kwanza aone daftari la miezi mitatu bila siku iliyorukwa. Hadi wiki iliyopita zilikuwa zimerukwa mbili.