Mjusi wa Lindi na mama mdogo wa Berlin

Najua hii stori ya Ujerumani nimeiahidi muda mrefu, kila nikikutana na mtu kafeteria swali ni lile lile, "Berlin mbona hutuambii?" Ilikuwa Oktoba 2024, na nimechelewa kwa sababu nusu yake si stori ya kutembea. Juzi mama kanipa ruhusa, kwa hiyo kaeni vizuri.

Tulikwenda watatu, mama, kaka na mimi, siku kumi na mbili, kumtembelea mama mdogo. Yuko Berlin tangu mimi sijaanza shule, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwa wasiojua, kwetu ni Lindi. Bibi alipofariki mwaka 2021 mama mdogo hakuja kuzika. Alituma hela, akapiga simu, basi. Arobaini pia hakuja. Tangu hapo yeye na mama wakawa wanaongea kama watu wa ofisini: hujambo, sijambo, watoto wazima, haya kwaheri. Tiketi zetu alichangia yeye, na mama alizikubali baada ya miezi mingi ya kusema "nitaona".

Baridi ya kule jamani! Asubuhi ya kwanza nilivaa masweta mawili na bado meno yalikuwa yanagongana. Huku Oktoba tunasubiri mvua za vuli, kule miti inapukutisha majani. Barabara nzima ya njano na nyekundu, hadi nikamaliza nafasi ya picha kwenye simu. Mama alisimama mlangoni akauliza, "Sasa hapa nani anafagia?" Siku ya tatu tukamkuta chini na ufagio, jirani Mjerumani anamwangalia haamini macho yake.

Mama mdogo anakaa mtaa wa Wedding, kituo cha treni kinaitwa Afrikanische Straße. Eneo hilo barabara zina majina ya kwetu, kuna hadi Sansibarstraße. Si kwa mapenzi, ni kumbukumbu za ukoloni wao. Ila ipo moja iliyotusimamisha: Maji-Maji-Allee. Ni sehemu ya barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee, jina lililowekwa mwanzoni kumtukuza Carl Peters, yule tuliyemsoma sekondari kama "Mkono wa Damu". Ilibadilishwa Agosti 2024, miezi miwili tu kabla hatujafika. Kaka akapiga picha na kibao, mama akasema wazee wa Lindi wangeona hicho kibao wasingelala.

Jumamosi tukapanda treni hiyo hiyo ya U6, vituo vichache tu, tukashuka Naturkundemuseum. Ni makumbusho ya viumbe na ndipo alipo mjusi wetu wa Tendaguru. Wadau, picha hazitoshi. Urefu kwenda juu ni mita 13 na ushee, unainua shingo hadi inauma. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, Maji Maji imeisha 1907 tu, wakaondoka na zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi mbalimbali. Na hakukuwa na gari: watu wetu waliibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa porini hadi bandari ya Lindi. Aliyewasimamia wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina lake lipo kwenye historia, lakini wale wabebaji wengi hatuwajui.

Mtoto wa mama mdogo, ana miaka minane, ndiye alikuwa anatutembeza. Kiswahili anakijua ila kina lafudhi ya kule. Akasema kwa maringo, "Mama mkubwa, huyu anaitwa Oskar, ni dinosa wetu."

"Oskar gani?" mama akajibu. "Huyo Mmwera, wa Lindi."

Tukacheka wote. Mtoto akafikiri kidogo akauliza, "Kama wa Lindi, mbona harudi kwao?"

Mama bila kugeuka akasema, "Muulize mama yako, naye ni wa Lindi."

Kimya. Nilijifanya nasoma kibao cha Kijerumani ambacho sikielewi hata neno. Mama mdogo akamshika mwanawe mkono wakaenda kuangalia samaki. Kurudi kwenye treni hakuna aliyezungumza.

Usiku ule niliamka kunywa maji nikasikia sauti jikoni. Nilikaa koridoni, najua si adabu. Mama mdogo alikuwa analia anasema mwaka ule kibali chake cha kuishi kilikuwa kimeisha, anasubiri kipya, na angetoka asingeweza kurudi. Mtoto mdogo, kazi ndiyo hiyo hiyo. "Niliona aibu, dada. Mngesema nimeshindwa maisha."

Mama akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ungeniambia mimi. Msibani watu walikusema siku tatu, nami sikuwa na la kuwajibu."

Nikasikia begi linafunguliwa. Mama alikuwa amebeba kanga ya bibi, fungu la mama mdogo, siku zote zile ameificha chini ya korosho hajaitoa. Usiku huo Ulaya wanarudisha saa nyuma, ikifika saa tisa inakuwa tena saa nane. Kwa hiyo walipata saa moja ya bure na waliitumia yote. Asubuhi niliwakuta bado jikoni, macho yamevimba, wanabishana nani alivunja mtungi wa bibi.

Mama mdogo bado hajaja Lindi, anakusanya nauli ya wawili. Na mjusi naye bado yuko kule, bungeni kwetu alishaulizwa. Ila simu za Jumapili siku hizi hazina mwisho, na salio linalokwisha ni langu.

Kama kuna mtu ana mtu wake aliye nje na wamenuniana, apige. Labda kuna jambo hujaambiwa.

Naishia hapa, nina testi Alhamisi na sijagusa kitu.