Jembe la Mgeni

Mwaka 1984 tulikwenda peke yetu Pemba, kisiwa cha malenga Kamange na Sarahani, kutafuta mashairi ya wazee. Kwa wiki tano tulikirimiwa muhogo na pweza, mashairi hatukupewa. Tukaandika katika taarifa yetu kwamba ushairi kisiwani umekufa.

Kisha msimu wa karafuu ukaingia. Wenyeji wote wakawa kazini, nasi tukaona haya kukaa barazani. Tukaketi jamvini pamoja nao, tukachambua: karafuu huku, makonyo kule, hadi vidole vikauma. Usiku ule bibi mmoja akaanza kughani, na wenziwe wakampokea.

Taarifa tuliichana. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hilo, ndugu wasomaji, sisi tulichelewa kuliomba.